Shule ya upasuaji ifike hadi Kasumbalesa

Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichofunguliwa mwaka 1956, kimefundisha madaktari wa vizazi vingi. Lakini idara ya upasuaji haikui kwa kuongeza vyeo mjini tu. Inakua pale wagonjwa wa mbali wanapofikiwa.

Kasumbalesa iko karibu kilomita 90 kutoka Lubumbashi. Mwaka 2015, tume ya jarida la Lancet iliweka kipimo: ndani ya saa mbili, mtu afike panapoweza kufanyika upasuaji wa uzazi, wa tumbo, na wa mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Mama mwenye uchungu hawezi kungojea foleni ya malori ya shaba ifunguke. Familia iliyokimbia vita haina hata nauli, wala ndugu wa kuipokea mjini.

Basi, madaktari wanaosomea upasuaji wapangiwe zamu hapa, pamoja na mwalimu wao, mtaalamu wa nusukaputi, damu na umeme. Kumtuma mwanafunzi peke yake si kumfundisha, ni kumtupia mzigo. Mpaka huu unaingiza ushuru kila siku. Sehemu yake igharamie zamu hiyo.