Kupeana Mikono Si Dawa

Kuna neno moja nimelisikia hapa Kakuma mpaka nimelichoka: "Hayo ni mambo ya watoto." Mama analisema akiwa kwenye foleni ya maji. Kiongozi wa bloku analisema. Mwalimu mkuu analisema huku akitafuta ufunguo wa stoo. Hata ndugu zetu wa mashirika wanalisema kwa namna yao ya upole, pale wanapoandika kwenye fomu "ugomvi mdogo kati ya wanafunzi". Mimi pia nililisema, na kwa sababu hiyo ninaandika.

Mimi ni mwalimu wa insentivu katika shule moja ya msingi ya kambi. Shule yenyewe sitaitaja. Ukiitaja moja, wengine watashangilia kwamba si ya kwao, na mimi sitaki mtu ashangilie.

Miaka miwili iliyopita nililetewa kijana wa miaka kumi na nne, ametoka Kivu Kusini na mama yake na wadogo zake. Kule nyumbani alikuwa amefika mwaka wa sita, anasoma kwa Kifaransa. Hapa masomo ni ya Kenya, Kiingereza ndicho kinatawala, basi wakamweka Gredi ya 3. Hebu fikiria: mtoto ambaye sauti imeshaanza kubadilika anakaa dawati moja na watoto wa miaka minane, magoti yanagonga ubao. Wale wadogo wakamwita Babu. Darasa zima, zaidi ya watoto mia, Babu, Babu, Babu.

Siku moja akanyoosha mkono, akaniomba: "Mwalimu, niende ku kabine?" Darasa likaangua kicheko. Hapa watu wanasema choo, wanasema msalani. Na mimi nikacheka. Mimi niliyezaliwa Uvira, ambaye nyumbani kwetu tunasema vile vile. Nilicheka kwa sababu mwalimu wa Kenya alikuwa amesimama mlangoni, na sikutaka adhani na mimi ni mtu wa kabine. Kile kicheko changu kilikuwa ruhusa. Watoto wanajua kusoma uso wa mwalimu kuliko wanavyosoma kitabu.

Waliompiga hawakuwa wale wadogo. Walikuwa wavulana wanne wa rika lake, wa madarasa ya juu. Walimngoja bombani wakati wa mapumziko, wakamnyang'anya kikombe cha uji, wakamwaga, wakamwambia akiinama kuokota watamkanyaga mkono. Kesho yake tena. Wiki iliyofuata tena. Siku aliyokuja kwangu alisema maneno machache tu: "Mwalimu, pale bombani bananingoja."

Nilifanya kama tunavyofanya sote. Niliwaita wale wanne, kila mmoja fimbo mbili. Halafu nikamsimamisha kijana mbele yao nikasema, "Peaneni mikono, yaishe." Wakapeana. Nikarudi darasani nikijiona nimemaliza kazi. Siku tatu baadaye alikuja mdomo umevimba, nikamuuliza, akasema ameanguka. Sikuuliza mara ya pili. Baada ya hapo kwenye rejista ni alama ya kutokuwepo mpaka mwisho wa muhula. Nilipofika kwao, mama yake alishangaa: kila asubuhi mtoto anaoga, anavaa sare, anaaga. Kumbe alikuwa anashuka lagani, anakaa chini ya mti mpaka saa ya wenzake kurudi.

Sasa naomba tuongee ukweli, sisi walimu, sisi wazazi, na nyinyi wa mashirika.

Kwanza, uonevu si ugomvi. Dan Olweus, mtafiti aliyefanya kazi Norway na aliyelichunguza jambo hili kabla ya wengi, alieleza alama zake tatu: unafanywa kwa makusudi, unarudiwa, na mmoja ana nguvu kuliko mwenzake. Hiyo alama ya tatu ndiyo tunayoisahau. Ugomvi ni watoto wawili wanaogombania mpira. Leo huyu anashinda, kesho yule. Hao waambie wapeane mikono, sawa kabisa. Lakini wanne kwa mmoja, kila siku, mahali pale pale, huo si ugomvi.

Na sisi wakimbizi ndio tungepaswa kuelewa hilo kuliko watu wote. Kila mmoja wetu aliondoka kwao kwa sababu kuna mtu mwenye nguvu alimfuata mnyonge, na waliokuwa na uwezo wa kuzuia wakasema hayo ni mambo yao wenyewe. Mtu akija leo akwambie umpe mkono yule aliyechoma nyumba yako, mbele ya kundi lake, halafu urudi ulale jirani naye bila mlinzi, utampokea vipi? Utasema huyu hakututakia mema. Basi sisi tunawafanyia watoto wetu jambo lile lile kwa udogo wake, na tunaita upatanisho.

Pili, fimbo. Najua hapa nitapata maadui. Wazee wengi wananiambia, "Mwalimu, sisi tulichapwa na tukawa watu." Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa mwanafunzi kwa mwili au kwa akili. Mtoto mkimbizi anayesoma katika nchi hii yuko chini ya sheria hiyo hiyo. Lakini tuache sheria kidogo, tuangalie matokeo. Nilipowachapa wale wanne niliwafundisha mambo mawili: kwamba mkubwa akikasirika anampiga mdogo, jambo walilokuwa wanalijua tayari, na kwamba maumivu yale yameletwa na kijana yule aliyesema. Deni lao hawakuja kulidai kwangu. Walilidai bombani.

Tatu, lile sanduku. Ndugu zangu wa mashirika, msikasirike, tunakula pamoja na tunafanya kazi pamoja. Katika shule yetu kuna sanduku la malalamiko, limepigwa rangi vizuri, lina kufuli. Ufunguo unakaa ofisini kwenu. Linafunguliwa mnapopata gari na nafasi. Mtoto anapigwa Jumatatu, sanduku linafunguliwa mwisho wa mwezi, na barua inatakiwa iandikwe na mtoto ambaye Kiingereza hajui na Kiswahili chake kinachekwa. Tena limewekwa ukutani karibu na ofisi ya mwalimu mkuu, ambapo shule nzima inaona nani amesogea. Mimi sijawahi kumwona mtoto akitia karatasi mle. Halafu kwenye ripoti inaandikwa kwamba hakuna malalamiko yaliyopokelewa! Sanduku tupu si ushahidi wa shule salama.

Na semina. Tumehudhuria semina nyingi, tumekunywa soda, tumebandika mabango. Alhamisi ya kwanza ya Novemba, siku ambayo UNESCO iliitenga dhidi ya ukatili na uonevu shuleni, tunaweza kupanga watoto juani waimbe. Sina ugomvi na wimbo. Ila Ijumaa yake nani anasimama bombani?

Nne, sisi wazazi, na hapa nitasema kwa sauti. Mtoto wa miaka tisa hajui kabila la mtu mpaka aambiwe. Nimesikia kwa masikio yangu mtoto wa Kikongomani akimwambia Mkongomani mwenzake, kwa sababu ya pua yake na lugha ya mama yake, "Rudi kwenu." Kwenu wapi? Hapa kambini nani ana kwao pa kurudi leo jioni? Maneno hayo mtoto hakuyaokota shuleni. Aliyasikia nyumbani, usiku, wakubwa wakiongea wakidhani amelala. Sisi tulivuka mipaka na masufuria na blanketi, kumbe na vita tuliibeba, tumeitia kwenye mkoba wa mtoto pamoja na madaftari. Hakuna shirika litakaloitoa humo. Ni kazi yetu.

Najua jibu litakalokuja. Walimu wenzangu watasema: darasa moja watoto mia na zaidi, posho yenyewe si mshahara, na bado unataka tuwe polisi wa bomba? Ni kweli. Posho ni ndogo, madarasa yamejaa, vyoo havitoshi, na foleni ndefu ya choo au ya uji ni mahali pazuri kwa mwonevu kufanya kazi yake. Mashirika na serikali wasijifiche nyuma ya makala hii. Msongamano ule ni sehemu ya uonevu, na wao ndio wenye uwezo wa kuupunguza.

Lakini kuna mambo ambayo hayangoji bajeti, na ninayataja kwa sababu tumeanza kuyajaribu.

Kusimama pale uonevu unapotokea. Watoto wanajua pahali penyewe: bombani, nyuma ya vyoo, foleni ya uji, njia ya kurudi nyumbani. Waulize, watakuchorea ramani. Shuleni kwetu tuligawana zamu wakati wa mapumziko, mwalimu mmoja bombani, mwingine upande wa vyoo. Huhitaji kufanya kitu, wewe simama tu, ongea na watoto, kunywa maji.

Daftari. Daftari moja la kawaida: tarehe, mahali, nani, nini kilifanyika, tulifanya nini. Bila daftari kila tukio linaonekana la kwanza. Kama ningekuwa nalo, ningeona kwamba bomba linajirudia kila wiki.

Kuongea na kila upande peke yake. Yule aliyeonewa kwanza, mahali wengine hawaoni, kwa lugha anayoiweza. Usiahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Mwambie nani atajua na kwa nini. Wale walioonea, mmoja mmoja pia, kwa sababu kundi likiitwa pamoja linapeana nguvu hata mbele yako. Mwambie wazi amefanya nini, kitakoma lini, na kwamba nitakuangalia. Usimtaje aliyesema, sema umeona, na ukikaa bombani utakuwa kweli umeona.

Kurudi kuuliza. Baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Mimi nilikubali "nimeanguka" kwa sababu lilikuwa jibu rahisi kwangu.

Watazamaji. Kule Finland, Christina Salmivalli na wenzake wa Chuo Kikuu cha Turku walionyesha kwamba uonevu una watu wengi zaidi ya wawili: kuna wanaosaidia, wanaocheka, wanaonyamaza, na wachache wanaotetea. Programu yao, KiVa, inawafundisha wale wengi. Msiniambie Finland ni tajiri. Kumfundisha mtoto asicheke, aende kukaa na mwenzake, amwite mwalimu, hakuhitaji theluji wala pesa. Na somo linaanza kwa mwalimu asiyecheka mtu akisema kabine.

Na pale jambo limekuwa zito, mtoto ameumizwa, ametishwa kwa kisu, ameshikwa vibaya, au anasema hataki kuishi, hilo halibaki shuleni. Siku hiyo hiyo lipeleke kwa afisa wa ulinzi wa mtoto. Namba 116 ni ya bure nchini Kenya, mchana na usiku. Kila mzazi aijue kichwani.

Kwa mashirika ninaomba mambo mawili tu. Lile sanduku lifunguliwe kila wiki, lihamishwe pale, na awepo mtu anayesikiliza kwa mdomo, kwa lugha za watoto. La pili, msituhesabie semina. Tuhesabieni watoto walioacha shule wakarudi. Na mtoto anayetoka kwenye Kifaransa apewe miezi michache ya Kiingereza na watu wa rika lake kabla ya kuketishwa na watoto wa miaka minane. Hilo ni la tatu, nimezidisha, mtanisamehe.

Nisiwasahau wale wanne. Mmoja wao baadaye nilijua anaishi bila mtu mzima, yeye na wadogo zake wawili, anapika, anafua, halafu anakuja shule na hasira. Hilo halimsafishi. Linatuambia tu kwamba na yeye hakuna aliyemuuliza.

Kijana wangu anabeba magunia sokoni sasa. Tulikutana mwezi uliopita. Aliniamkia kwa heshima, "Shikamoo, mwalimu," gunia likiwa bado begani. Nilimwambia mambo yamebadilika, kuna zamu bombani, arudi. Akatabasamu, akaniuliza bei ya kiwi ya viatu imepanda au vipi, maneno ya kupitisha tu. Sikumlazimisha. Nilimwomba msamaha pale pale sokoni, kwa kile kicheko na kwa ile mikono. Akasema, "Si neno, mwalimu." Lakini ni neno, na yeye anajua.

Zamu ya bomba ni saa nne kamili, siku zote za shule. Jumatatu na Jumatano zina majina. Jumanne, Alhamisi na Ijumaa bado ziko wazi, na si lazima uwe mwalimu. Mama mmoja wa bloku ya jirani ameshaanza kuja na kiti chake.