Tamthiliya haisomeki kwa kukariri

Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne maana ya taharuki. Atakujibu bila kusita, tena kwa maneno yaleyale ya mwenzake wa dawati la nyuma. Mpe tamthiliya aonyeshe taharuki inaanzia wapi na mwandishi ameijengaje, atabaki anafunuafunua kurasa. Tumeizoea hali hii, na kuizoea ndiko kunakotutisha.

Vijitabu vya uchambuzi vimechukua nafasi ya vitabu vyenyewe. Humo mna tashibiha, tashihisi, sitiari, takriri, kila moja na mfano wake tayari. Mwalimu mwenye darasa lililofurika na mtihani mlangoni hatumlaumu kwa kushika njia ya mkato. Lakini kijana anayepita njia hiyo anamaliza shule hajawahi kuhakiki chochote.

Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Wahusika wanaamini maji yatawakinga na risasi za Wajerumani. Mtazamaji anajua yaliyowapata watu wa kusini katika Vita vya Majimaji kuanzia mwaka 1905: risasi ziliua, na njaa ikaua zaidi. Kwa hiyo kila shangwe ya jukwaani inamchoma yeye, maana anajua wasichokijua wao. Kisha Kinjeketile mwenyewe, mhusika aliyewapa maji hayo, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, akihofia vizazi vijavyo. Kijana aliyeyaona hayo yakiigizwa ameshakielewa kinaya kabla mwalimu hajakitaja jina. Jina lije baadaye, limsaidie kusema alichokiona.

Tamthiliya ndiyo inayoumia kuliko tanzu nyingine, kwa sababu iliandikwa ichezwe. Maelekezo ya jukwaani wanafunzi huyaruka, na humo ndimo tunamojua nani anaingia, nani anampa mwenzake kisogo, wapi watu wananyamaza. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya waliandika juu ya sanaa za maonyesho tangu mwaka 1976, na wanafunzi wetu wanakariri vizuri kwamba onyesho linahitaji mtendaji, uwanja na watazamaji. Wanayakariri wakiwa wamekaa, na wengi wao hawajawahi kusimama kuigiza hata tendo moja.

Baraza la Mitihani lina uwezo wa kuigeuza hali hii. Lipunguze maswali ya kutaja na kufafanua. Litoe kipande cha tamthiliya wasichokisoma, liulize mbinu fulani inafanya kazi gani pale ilipo. Mwalimu hufundisha kinachotahiniwa, na hakuna semina itakayoushinda ukweli huo. Taasisi ya Elimu nayo iupe uigizaji vipindi vyake ndani ya ratiba, usiachiwe vikundi vya baada ya masomo. Wakuu wa shule wasisubiri waraka: uwanja wa shule na kipindi kimoja vinatosha kuchezea onyesho. Na Serikali ipeleke shuleni nakala za tamthiliya za kutosha, kwani mahali ambapo kitabu kimoja kinagombewa na darasa zima, kijitabu cha majibu kitaendelea kununuliwa.