Pombe ya ndizi: Fedha ziende kwenye koki kabla ya pipa

KATIKA mikoa inayolima ndizi kwa wingi kama Kilimanjaro, Arusha, Kagera na Mbeya, wazo la kusindika pombe ya ndizi na kuiweka kwenye chupa si geni. Wapo waliofanikiwa na bidhaa zao tunaziona madukani. Lakini wapo pia ambao mradi ulikufa kabla mkopo haujaisha kulipwa, na ukienda kwao unakuta vyombo vimefunikwa turubai nyuma ya nyumba, vingine bado vinang'aa.

Tangu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ilipoanza kutolewa tena mwaka 2024, baada ya kusitishwa mwaka 2023, maandiko ya miradi ya aina hii yamekuwa yakinipitia mezani. Mengi yanafanana. Ukurasa wa vifaa unaanza na pipa la kupikia la stenlesi la lita 500, unafuata mtambo wa kujaza chupa, kisha mstari wa mwisho umeandikwa "vifaa vidogo vidogo" na kiasi cha fedha ambacho hakitoshi hata kununua mipira ya kuhamishia pombe. Kwa maoni yangu orodha hiyo imepinduliwa kichwa chini miguu juu, na inaua miradi kuliko hata soko ambalo kila mtu analilaumu.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Kupika kunachukua nusu siku. Kuchachuka kunachukua wiki moja hadi mbili kutegemea joto, hamira na sukari iliyomo. Tuseme siku 10. Maana yake ni kwamba aliyenunua pipa la kupikia la lita 500 na pipa moja la kuchachulia la ukubwa huo huo atapika siku moja, halafu pipa lake la gharama litakaa bure siku tisa likisubiri lile la pili litoke. Kwa mwezi anapika mara tatu na kupata lita 1,500.

Sasa mchukue mwenzake mwenye sufuria ya kupikia lita 100 na mapipa matano ya plastiki ya lita 120, ambayo kila moja linajazwa lita 100 ili povu lipate nafasi. Anapika siku moja, anapumzika moja. Siku ya 11 pipa la kwanza liko tayari, anaanza mzunguko mwingine. Kwa mwezi amepika mara 15 na kupata lita 1,500 zile zile.

Lita ni sawa, lakini hasara haifanani. Pombe ya huyu wa pili ikiharibika pipa moja, amepoteza lita 100 na zimebaki 400. Ya yule wa kwanza ikiharibika, imeharibika yote, na marejesho ya mkopo ya mwezi huo yamekwenda nayo. Sufuria ikitoboka, kuna fundi mtaani. Ni kweli kwamba anayepika mara nyingi anatumia nguvu kazi zaidi na pengine kuni zaidi, na soko likikua ipo siku pipa kubwa litalipa. Lakini mtu anayeanza, ambaye hajui bado kama atauza hizo lita 1,500, hana sababu ya kufunga mtaji wake wote kwenye chombo kinachofanya kazi siku tatu kwa mwezi. Akitaka kupanua, aongeze kwanza mapipa ya kuchachulia, kwa sababu hiyo ndiyo hatua inayochelewesha nyingine zote.

Msomaji ataniuliza: mbona bibi zetu walipika mbege miaka yote bila haya? Swali ni la haki. Mbege ya ndizi na kimea cha ulezi huuzwa ikiwa bado inachachuka, na ndani ya siku moja au mbili imekwisha kwenye kata. Haisafiri na haikai rafuni. Mwuzaji wa mbege anahitaji chungu kizuri, maji safi na wateja wanaoishi jirani. Ukishaifunga pombe kwa kizibo na kuipeleka dukani umeingia kwenye biashara nyingine kabisa, ambayo kosa dogo la leo linaonekana baada ya wiki tatu mikononi mwa mtu usiyemjua.

Chombo kimetengenezwa na nini

Pombe ya ndizi ina asidi, na asidi hula chuma. Pipa la bati lililopakwa zinki ni zuri kwa kuhifadhia maji ya kumwagilia, lakini ukichachulia pombe humo zinki inayeyuka na kuingia kwenye kinywaji, na mnywaji anatapika. Aluminiamu inavumilia kupikia kwa muda mfupi, haifai kuachiwa pombe siku kumi. Mabomba yaliyounganishwa kwa risasi yasiguse kinywaji hata kidogo.

Plastiki ya daraja la chakula inatosha kabisa kwa kuchachulia, mradi iwe imenunuliwa mpya au ilibeba chakula. Mapipa ya buluu yanayouzwa kwa bei rahisi kando ya barabara, mengine yalibeba kemikali za viwandani au viuatilifu, na harufu ikishaingia kwenye plastiki haitoki kwa sabuni. Muuzaji asipoweza kukueleza lilibeba nini, liache. Jambo jingine ni mikwaruzo. Ukilisugua pipa la plastiki kwa stili waya, unachora mifereji ambamo bakteria wanajificha na dawa haiwafikii. Tumia kitambaa laini, na pipa likishachakaa kwa ndani ligeuze la maji ya kuoshea.

Stenlesi ni nzuri kuliko zote, lakini jina lenyewe limekuwa biashara. Ipo ya viwango mbalimbali, na kinachotakiwa kwenye vyakula ni kile mafundi wanachokiita 304. Wengi wanapima kwa sumaku: ikinata si yenyewe. Kipimo hicho kinasaidia kukataa lakini hakitoshi kukubali, maana zipo aina hafifu ambazo nazo hazinati. Mimi naangalia zaidi mshono. Fundi aliyechomelea kwa gesi ya agoni anaacha mshono laini. Aliyetumia mashine ya kawaida na vijiti vya chuma cha kawaida anaacha vinundu na mashimo, na baada ya miezi michache utaona mstari wa kutu hapo hapo. Pitisha kidole ndani ya pipa. Pale kidole kinapokwama, uchafu nao utakwama. Kitako nacho kiwe kizito, kwani ndizi iliyopondwa ni nzito, hushika chini na kuungua, na ladha ya moshi haiondoki tena.

Koki na mipira

Pombe nyingi huharibikia njiani, kati ya chombo na chombo: kwenye koki, kwenye mpira wa kuhamishia, kwenye gasiketi ya mfuniko. Koki ya kawaida ya kuzungusha ina tundu ndani ambamo pombe hubaki kila unapofunga. Kwa nje inaonekana safi. Ifungue baada ya wiki mbili bila kuoshwa uone ute utakaoukuta. Kwa hiyo nunua koki inayofunguka vipande vipande, na ifunguliwe kila baada ya kundi la pombe. Mipira ya kuhamishia ihesabiwe kama bidhaa inayokwisha, kama vile vizibo na lebo, na ibadilishwe mara inapoanza kubadilika rangi kwa ndani.

Kuosha na kuua vijidudu ni kazi mbili, na ya kwanza haiwezi kurukwa. Dawa ya klorini ikikutana na utando wa ndizi inaishia kwenye utando. Kwanza suuza, kisha osha kwa kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, gramu 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji ya moto, vaa glavu na miwani, na siku zote mimina soda kwenye maji, usimimine maji kwenye soda. Usiitumie kabisa kwenye aluminiamu, itaila. Baada ya kusuuza vizuri ndipo ije klorini: kama dawa yako ni ya asilimia 5, mililita 4 kwa lita moja ya maji zinatosha. Usiilaze usiku kucha kwenye stenlesi, kwani klorini huichimba vitobo. Suuza tena kwa maji yaliyochemshwa. Na wala usichanganye klorini na siki au asidi yoyote, hewa inayotoka inaumiza mapafu.

Haidromita kabla ya mtambo wa chupa

Kama ningepewa nafasi ya kuongeza kitu kimoja kwenye kila andiko la mradi, ningeongeza haidromita mbili. Mbili, kwa sababu ni kioo na moja itavunjika. Kifaa hiki kinaonyesha sukari iliyobaki. Mpishi anayefunga chupa kwa sababu "povu limeisha" anabahatisha. Povu huweza kuisha kwa sababu usiku ulikuwa wa baridi na hamira imelala. Sukari ikibaki, hamira huamka dukani kwenye joto, gesi inajaa, chupa inapasuka. Kila gramu 4 za sukari kwa lita zinazochachukia ndani ya chupa huongeza gesi ya takriban gramu 2 kwa lita, na chupa za kawaida, tena zilizokwishatumika mara kadhaa, hazikutengenezwa kwa mzigo huo ukirudiwa mara tatu nne. Kioo kikimruka mteja usoni hakuna bima ya kikundi itakayolipa.

Pima siku mbili au tatu mfululizo. Namba isiposhuka tena, ndipo ufikirie chupa. Kipime chenyewe pia kwenye maji safi: kisome 1.000 kwa joto lililoandikwa juu yake, mara nyingi nyuzi 20. Kipimajoto nacho kipimwe kwenye maji yanayochemka, ila walioko mlimani wakumbuke kwamba Marangu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Nimekutana na kipimajoto kizima kimetupwa kwa sababu "hakifiki mia".

Chupa zikishafungwa huchemshwa polepole ndani ya maji mpaka kinywaji chenyewe, siyo maji ya nje, kifike nyuzi 60 au zaidi kidogo, kisha zinakaa hapo kama dakika 20. Kazi hiyo inafanywa na sufuria pana, chanja ya mbao chini na kipimajoto. Kufunga vizibo kunafanywa na mashine ya mkono. Mtambo wa kujaza chupa unaweza kusubiri.

Na unaposubiri, uliza umeme. Kikundi kimoja nilichokitembelea upande wa Rombo kilinunua pampu na mashine ya kuponda ndizi zenye mota za umeme wa njia tatu, wakati nguzo iliyofika kwao ni ya njia moja. Muuzaji hakuuliza, nao hawakujua kuna cha kuuliza. Akina mama wale wanaponda kwa mikono na kulipa mkopo wa mota ambazo hazijawahi kuzunguka.

Benki na halmashauri nazo zina sehemu yao. Mkopeshaji anapenda ankara ya kitu kimoja kikubwa, chenye namba, kinachoweza kupigwa picha siku ya uzinduzi. Gasiketi, vipuri na kostiki soda havipigwi picha. Matokeo yake kikundi kinaandika kile kinachokubalika. Napendekeza kila andiko la vifaa likataliwe kama halina fungu la vipuri na matengenezo la mwaka wa kwanza, na kama halionyeshi jina la fundi wa karibu anayeweza kutengeneza chombo hicho. Chombo cha shilingi milioni 2 kinachotarajiwa kudumu miaka mitano kinachakaa kwa shilingi 400,000 kila mwaka. Kwa lita 18,000 kwa mwaka, hiyo ni shilingi 22 hivi kwa lita, chini ya bei ya pipi moja. Zikitengwa kila mauzo hazionekani. Zisipotengwa zinakuja kudaiwa kwa mkupuo siku pipa litakapovuja.

Tujihadhari pia na mashine zinazojua kazi moja tu. Serikali ilipopiga marufuku pombe kali za viroba kuanzia Machi 1, 2017, mashine iliyonunuliwa kwa kazi ya kufungasha viroba vya pombe ilipoteza kazi hiyo siku ile ile. Sufuria, mapipa na mashine ya mkono ya vizibo vinaweza kuhamia kwenye juisi, siki au mchuzi wa nyanya kanuni zikibadilika.

Kwa anayekwenda kuagiza pipa mwezi huu: usimalize malipo karakanani. Acha sehemu ya fedha. Pipa lifike, lijazwe maji pomoni, lilale usiku mzima juu ya karatasi kavu. Asubuhi angalia karatasi, fungua koki vipande vyote, uzirudishe mwenyewe bila fundi kukusaidia. Mwambie akuachie gasiketi mbili za ziada na akuonyeshe duka anakozinunua. Akishindwa hilo la mwisho, tafuta fundi mwingine.