Chupa Moja Saini Mbili, Taa 15,000 Hazina Mwenyewe



Mimi ni nesi, nipo Riyadh. Kila zamu inapobadilika, kabla sijaenda kulala, nafungua kabati la dawa zinazodhibitiwa na mwenzangu anayeingia, tunahesabu chupa za morfini moja moja. Nikimchoma mgonjwa nusu chupa, nusu iliyobaki naimwaga mbele ya shahidi, naye anatia saini. Ikipungua moja, hatoki mtu. Na hakuna anayejiona ameitwa mwizi. Ndiyo kazi.

Juzi nilikuwa Jeddah kwa jamaa, ikazuka hoja ya misaada ya mashirika ya kimataifa. Kaka mmoja, tena msomi, akasema ukaguzi ni dharau tu, anayepewa ashukuru anyamaze. Mwingine akasema wote wezi, misaada ikatwe. Nawajibu wote wawili hapa.

Nianze na wa kukata. Agosti 2005 Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulisimamisha ruzuku zake tano nchini Uganda, baada ya wakaguzi kukuta fedha zinasimamiwa ovyo katika kitengo kilichokuwa ndani ya Wizara ya Afya. Zilifunguliwa tena Novemba. Miezi michache, mtasema. Lakini muulizeni nesi yeyote maana ya mgonjwa wa TB kukatiza dozi: vijidudu vinazoea dawa, na anarudi na ugonjwa mgumu zaidi, huku akiwaambukiza wanawe. Wizi ulifanyika ofisini, roho juu ikawa ya mgonjwa. Hiyo ndiyo haki?

Sasa wa kunyamaza. Aprili 2009 mahakama ya Kampala ilimfunga miaka 10 Teddy Ssezi Cheeye kwa kula shilingi milioni 120 za Uganda, fedha za Mfuko huo huo. Alikuwa nani? Mkurugenzi wa ufuatiliaji wa uchumi katika idara ya usalama wa ndani. Na kampuni iliyopokea fedha iliitwaje? Kituo cha Uwajibikaji cha Uganda! Jamani, fisi amepewa bucha, na bango la bucha limeandikwa "Uaminifu".

Msidhani ni serikali zetu tu. Mwaka 2018 wakaguzi wa ndani wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti juu ya shirika la wakimbizi, UNHCR, huko huko Uganda. Walikuta mkataba wa barabara wa dola milioni 7.9 amepewa mkandarasi asiye na uzoefu wa kujenga barabara. Walikuta taa 15,000 za sola hazionekani. Mwaka huo huo wakimbizi walihakikiwa kwa alama za vidole, na hesabu iliyokuwa ikitajwa kuwa milioni 1.4 ikashuka hadi kama milioni 1.1.

Wakaguzi walifanya kazi yao, nawapongeza. Lakini walifika taa zimeshayeyuka. Nani angejua mapema? Mama aliyekaa gizani kambini. Ila yeye hakuwa na daftari la kumwonyesha kuwa taa zimenunuliwa kwa jina lake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lililofungiwa Geneva ni kama halipo.

Dawa yake ilishajaribiwa Uganda hiyo hiyo. Kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa, na shule zikatakiwa kubandika hesabu ukutani. Kufikia 2001 zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80. Wataalamu wanabishana ni kiasi gani kilitokana na tangazo na kiasi gani na mageuzi mengine. Sawa, wabishane. Mimi nataka ukuta wa zahanati uwe na hiyo karatasi.

Na hapa ndipo tunapoingia sisi wa Saudia. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu iko Jeddah tangu 1975, na Uganda, Komoro, Somalia na Msumbiji ni wanachama. Kituo cha misaada cha Mfalme Salman kiko Riyadh tangu 2015. Sisi tunapita mbele ya majengo haya kila siku, tunajua Kiarabu cha kuandikia barua. Zanzibar ilipojiunga na OIC, yenye makao Jeddah, kisha ikalazimika kujitoa 1993, tulirushiana maneno ya dini na Muungano hadi leo. Mara ngapi tumeuliza nani angehesabu fedha, na nani angemwonyesha mwananchi hesabu hiyo?

Tuwaandikie wote, wa Geneva na wa Jeddah, bila kubagua: kila mradi ubandike pale pale unapofanyika, kwa lugha ya wenyeji, kilichonunuliwa, idadi na bei. Anayepokea naye atie saini. Kaka yangu wa Jeddah, hiyo si dharau. Mimi natia saini kwa nusu chupa ya morfini, na heshima yangu iko palepale.

Naomba kuwasilisha.

Nesi wenu, Riyadh