Picha za Detroit na Pensheni za Wastaafu

Mji wa Detroit, Marekani, ulipoomba ulinzi wa sheria ya ufilisi mwezi Julai 2013, ukilemewa na deni la takribani dola bilioni 18, macho ya wadai yaligeukia jumba lake la sanaa, Detroit Institute of Arts. Lilianzishwa mwaka 1885 kwa michango ya matajiri, lakini tangu 1919 lilikuwa mali ya manispaa, na fedha za umma ndizo zilizonunua baadhi ya hazina zake: picha ya Vincent van Gogh aliyojichora mwenyewe, iliyonunuliwa mwaka 1922, na ile ya ngoma ya harusi ya Pieter Bruegel. Wanadi wa Christie's walikadiria kazi zilizonunuliwa na mji kuwa na thamani ya kati ya dola milioni 454 na milioni 867.

Waliopinga mnada walikuwa na haki. Picha iliyouzwa kwa bilionea hairudi tena machoni pa mtoto wa fundi. Lakini katika kesi ile wadai hawakuwa mabenki peke yao. Walikuwamo pia makarani na madereva waliostaafu, nao walikuwa na ahadi ya mji mikononi.

Suluhu ya mwaka 2014 ilisifiwa mno. Mashirika ya hisani, serikali ya jimbo la Michigan na jumba lenyewe waliahidi zaidi ya dola milioni 800 kwa mifuko ya pensheni, na jumba likakabidhiwa shirika lisilo la kibiashara. Ambalo halikuimbwa sana ni kwamba wastaafu wa kawaida walikatwa asilimia 4.5 ya pensheni, wakapoteza nyongeza ya kupanda kwa gharama za maisha, na kura zao wenyewe zikaridhia. Kwa hesabu yangu, hao nao ni wafadhili. Je, mamilioni yale yangepatikana kama kilichotishiwa kingekuwa pensheni tu?

Uani mwa jumba hilo zimo kuta alizochora Diego Rivera mwaka 1932 na 1933, kwa gharama ya Edsel Ford, zikionyesha wafanyakazi wa kiwanda cha magari wakiwa wameinama mitamboni. Wakazi wa wilaya tatu zinazolizunguka bado hulilipia kodi ya majengo waliyoipigia kura mwaka 2012, na huingia bure. Mmiliki wa picha, hata hivyo, si mji wao tena.