Amplifaya ya Baba: Iliyo Chache Vitufe au Iliyo Nyingi Nguvu?

Juma hili tumeliweka kando suala tulilokuwa tumelikusudia. Tumeletewa swali na familia moja ya Mji wa Kale, Mombasa, nalo halingojei: fedha zimekwisha kuchangwa, na mwenye duka amewawekea vyombo viwili hadi mwisho wa mwezi tu.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba yao, mzee aliyepindukia miaka 75, ni mpenzi wa santuri na kanda tangu ujanani. Ana taarabu za Mombasa na Unguja, ana kasida, na ana kanda za sauti za jamaa zake ambao wengi wao wametangulia. Amplifaya yake ya zamani imekufa na fundi amesalimu amri. Watoto wamechanga wamnunulie nyingine, ila wamegawanyika. Kaka mkubwa, aliyeko Ghuba na ndiye aliyetoa fungu kubwa, ataka Yamaha A-S501 ya Kijapani, yenye wati 85 kwa kila spika. Ndugu yake, aliyesomea mambo ya umeme, ashikilia Rega Brio ya Kiingereza, yenye wati 50, ambayo usoni mwake hamna vitufe vya kurekebisha besi wala sauti nyembamba. Maneno yamefika pabaya, hata simu hazipokelewi. Dada yao, anayeishi na mzee, hakuulizwa na yeyote. Yeye ndiye aliyetuandikia.

Tuanze na hoja ya mdogo, kwa sababu ina asili yake na si ubishi mtupu. Wako mafundi wa Uingereza walioshikilia tangu zamani kwamba kila kitu ambacho sauti yapita ndani yake huiacha sauti na alama. Swichi ina alama yake, kitufe kina alama yake, waya una alama yake. Basi wakasema: tuondoe kisichohitajika, na fedha iliyookolewa tuitie katika transfoma nzuri na vifaa imara vya ndani. Julian Vereker, mwanzilishi wa Naim huko Salisbury, alitoa mwaka 1983 amplifaya ndogo iitwayo Nait. Nguvu yake haikufika wati 20, wala haikuwa na kitufe cha besi wala cha sauti nyembamba, na hata leo wako wanaoitafuta. Rega, iliyoanza mwaka 1973, imo katika njia hiyo hiyo. Ndiyo sababu Brio, ingawa ina wati chache na uzito wake ni kama nusu ya mwenziwe, aghalabu huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Mnunuzi hulipia kilichoondolewa, na jambo hilo huwashangaza wengi madukani.

Hoja ya kaka mkubwa ni nyepesi kufahamika: 85 ni nyingi kuliko 50. Hesabu ya kutoa haina ubishi, lakini sikio halihesabu hivyo.

Hapa twaomba msomaji avumilie kidogo. Nguvu ya amplifaya ikizidishwa mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu, yahitajika nguvu iliyozidi takriban mara kumi. Kutoka wati 50 hadi 85 ni ongezeko la desibeli 2 na ushei. Mtu akitega sikio atalitambua, lakini akiwa aongea na mgeni lampita. Fauka ya hayo, katika chumba cha kawaida cha nyumba za Mji wa Kale, mzee ameketi hatua tatu kutoka kwa spika, amplifaya hutoa kwa wastani wati moja au mbili. Nguvu iliyosalia ni akiba ya vishindo vya ghafla, mfano ngoma inapopigwa au zumari inapopaa.

Kilicho na uzito zaidi kuliko wati ni spika zenyewe. Spika hupimwa kwa sauti itokayo zikipewa wati moja, na kipimo kikachukuliwa umbali wa mita moja. Iliyoandikwa desibeli 89 ikipewa wati 50 hulingana na ya desibeli 86 iliyopewa wati 100. Hivyo mwenye spika nyepesi kusukumwa amekwisha kujipatia amplifaya kubwa bila kuinunua. Dada yetu ageuze spika za babake atazame nyuma: kuna desibeli ngapi, na kuna omu ngapi. Zikiwa ni za omu 4, amuulize mwenye duka kama amplifaya imeruhusiwa kuzibeba. Swali hilo lina maana kuliko yote ambayo ndugu zake wameulizana hadi sasa.

Twakiri haki moja ya wati nyingi. Amplifaya ndogo ikilazimishwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, sauti ikawa ya kukwaruza, na joto lake huenda kuiunguza ile spika ndogo ya juu. Watu hudhani spika huunguzwa na amplifaya kubwa peke yake, ilhali ndogo iliyochoshwa nayo huunguza. Lakini hata hili lina dawa. NAD walipotoa amplifaya yao ya 3020 mwaka 1978, iliyoundwa na mhandisi Erik Edvardsen, waliiandika wati 20 tu, wakaijengea uwezo wa kutoa nguvu kubwa zaidi kwa nukta chache, na njia ya kulainisha ule ukataji. Ilisifiwa na kununuliwa dunia nzima, ilhali jirani zake dukani walijitapa kwa mamia ya wati.

Basi kama shauri lingekuwa la wati, tungesema ndugu hawa wagombania desibeli 2, na tungefunga ukurasa. Lakini katika barua ya dada mna maneno mawili matatu ambayo kaka zake hawakuyatia maanani. Asema kwamba tangu miaka kama mitano, baba yake hupandisha sauti hata majirani wakagonga ukuta, kisha hulalamika kwamba maneno hayasikiki. Asema pia kwamba akiongeleshwa upande wa kushoto huitikia, na upande wa kulia huuliza, “Wasemaje?”

Hayo ndiyo maelezo tuliyoyataka. Umri unapokwenda, sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu. Besi hubaki, na irabu husikika vyema. Zinazopotea ni herufi kama s, f, sh na th, ambazo ndizo zitenganishazo neno na neno. Mzee husikia kwamba mtu aimba, wala hajui aimba nini. Ukimwongezea nguvu ya jumla, wamwongezea besi aliyokwisha kuisikia, na majirani ndio wa kwanza kupata faida yake. Anachohitaji ni sauti nyembamba ipandishwe kidogo na besi ishushwe kidogo, na upande wa kulia uongezwe mpaka sauti ikae katikati. Brio haina kitufe hata kimoja cha kazi hizo. Yamaha ina vyote vitatu: besi, sauti nyembamba, na mizani ya kushoto na kulia.

Mdogo atasema kwamba vitufe huichafua sauti. Katika masikio ya kijana, na kwa santuri iliyorekodiwa kwa ustadi, tutamkubalia. Ila makusanyo ya baba yake si hayo. Kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine huvuma kama upepo wa kusi, na santuri za kale zilirekodiwa kwa vyombo vya zama zake. Siti binti Saad na wenzake waliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa, hapakuwa na stirio wala kanda. Peter Walker wa Quad, ambaye hakuna mpenzi wa sauti safi atakayemtilia shaka, aliiwekea Quad 33 ya mwaka 1967 vitufe vya kuchuja sauti kwa ajili ya rekodi mbovu. Hakuona haya kwa hilo. Isitoshe, A-S501 ina swichi iitwayo Pure Direct; ikibonyezwa, vitufe vya besi na sauti nyembamba hurukwa. Mdogo akija kumzuru babake na aibonyeze, kisha akiondoka airudishe.

Iko hoja moja ya kutetea uchache ambayo yeye hakuitaja, nasi twaitaja kwa niaba yake kwa kuwa twaishi pwani. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Kila kitufe kizungukacho na kila swichi ni mahali pa kutu, na baada ya miaka michache kitufe kisichoguswa huanza kukwaruza, au upande mmoja wa sauti ukapotea kisha ukarudi. Chombo chenye vitufe viwili kina magonjwa machache kuliko chenye vitufe vinane. Hoja hii ni ya kweli, lakini dawa yake yapatikana nyumbani: mara moja kwa mwezi, chombo kikiwa kimezimwa, kila kitufe kizungushwe mwanzo hadi mwisho mara kadhaa. Amplifaya isiwekwe karibu na dirisha la upande wa bahari, wala isifunikwe kitambaa cha mapambo, maana joto lake hutokea juu. Twajua vitambaa hivyo hupendwa sana. Viwekwe kwenye televisheni.

Na kwa kuwa umeme wetu hukatika ukarudi kwa kishindo, stabilaiza iingizwe katika hesabu ya mchango tangu sasa. Kwa tofauti ya bei iliyopo baina ya vyombo viwili hivi, huenda ikapatikana bila mtu kuongeza kitu.

Kwa hiyo shauri letu ni Yamaha, ila kaka mkubwa asidhani ameshinda, kwani hatukuichagua kwa wati zake. Lau ingekuwa na wati 40 na vitufe vile vile, tungeichagua vile vile. Na lau mnunuzi angekuwa kijana wa miaka 30 mwenye masikio mazima, chumba kidogo na santuri safi, tungemwambia achukue Brio wala asitazame nyuma.

Kabla ya kulipa, yafanywe mambo mawili. Kwanza mzee apelekwe akapimwe masikio, kwani upande mmoja ukiwa dhaifu kuliko mwingine, yataka daktari autazame, na huenda sababu ikawa nta tu iliyoziba. Pili, apelekwe dukani yeye mwenyewe, na kanda anayoijua neno kwa neno, na spika zake zikiwezekana. Aketi, vyombo vyote viwili vipigwe kwa sauti iliyolingana, asiambiwe kipi ni kipi wala kipi chatakiwa na nani. Kisha katika kile cha pili dada yake hao ndugu apandishe kitufe cha sauti nyembamba polepole, akimtazama babake usoni.

Wasomaji wengine wanaofikiria vyombo vilivyotumika kutoka Japani, kwa kuwa vyapatikana kwa bei nafuu, wageuze chombo nyuma wasome volti kabla ya kutoa fedha. Vya soko la Japani huandikwa 100, na umeme wetu ni 240. Muuzaji akisema haidhuru, na achomeke yeye kwanza, fedha ikiwa bado mfukoni mwako.