MAONI YETU: KATO LA NYUMBA, NA NANI ANAINGIA NYUMBANI?



Kila mwisho wa mwezi twaona katika karatasi ya mshahara mstari mmoja wa kato la nyumba. Ni asilimia 1.5 ya mshahara mzima, kabla haujaguswa na makato mengine, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Mwenye shilingi 20,000 hutoa 300 na mwajiri wake 300. Kwa mwaka ni shilingi 7,200 kwa ajili ya mtu mmoja.

Hatusemi Serikali isijenge. Mtu anayelala chumba kimoja na watoto wanne kando ya njia ya reli pale Kibera hawezi kusema hivyo. Twauliza habari moja tu: nyumba zikiisha kujengwa, nani huingia, na akiisha kuingia, atakaa?

Kwanza ijulikane kwamba kato hili si akiba. Lilipoletwa kwa sheria ya mwaka 2018 liliitwa mchango, na COTU ikaenda kortini, likasimamishwa. Mwaka 2023 likarudi likiwa kodi. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema si haki kuwatoza wenye mishahara peke yao. Machi 2024 ikatoka sheria nyingine inayowagusa na wenye mapato yasiyo ya mshahara. Lakini kodi ni kodi. Mwanachama akistaafu bila nyumba, hana cha kudai. Twasema haya kwa sababu kazini wako wengi wanaohesabu hizo 300 kama pesa zilizowekwa posta.

Mambo haya hayakuanza jana. Miaka ya 1970 Serikali, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ilipima viwanja kama 6,000 huko Dandora, ikaweka maji na choo, mtu ajijengee vyumba. Maskini walipata viwanja, pesa za kujengea hawakuwa nazo. Wengine waliuza, wengine walijenga wakapangisha chumba kimoja kimoja. Leo Dandora ni magorofa ya kupanga. Hatuwalaumu wale waliouza. Mwenye njaa akipewa kitu chenye bei, afanyeje? Kibera nako, watu wa Soweto Mashariki walihamishwa Lang'ata mwaka 2009 ili wajengewe. Nyumba 822 zilikabidhiwa mwaka 2016. Mtoto aliyehama akiwa darasa la kwanza alikuwa amefika mwisho wa shule ya msingi.

Mei 2025 Rais Ruto alifungua nyumba 1,080 za kwanza pale Mukuru, na chumba kimoja kilitangazwa kwa malipo ya shilingi 3,900 kwa mwezi. Ni nyumba njema, zina choo ndani, na waliopata twawapongeza. Lakini malipo hayo ni ya miaka mingi, na kibarua hulipwa kwa siku. Akiugua miezi miwili? Akiachishwa kazi mwaka wa kumi, alizokwisha kulipa zaenda wapi?

Sisi wa reli twaijua habari hiyo. Nyumba ya kazi huisha siku kazi inapoisha. Wapangaji wa Muthurwa, wengi wao wazee waliotumikia reli, walianza kutolewa mwaka 2010 na maji yakakatwa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilisema haki zao zimevunjwa. Walishinda kwa kuwa walisimama pamoja na walikuwa na karatasi zao.

Basi twataka majina ya waliopewa nyumba yabandikwe kwa chifu, kila mtaa, watu wayasome. Twataka pia mkataba uandikwe kwa Kiswahili, useme wazi mtu akikosa kazi atangojewa miezi mingapi. Na ziwepo nyumba za kupanga tu, zibaki mali ya umma, zisiuzwe, kwa yule ambaye hata 3,900 hana.

Mwanachama aliyejiandikisha Boma Yangu alete namba yake na karatasi ya mshahara ya mwezi uliopita kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao. Ambaye hajajiandikisha aje pia, atasaidiwa kujaza.